Takataka Zilizobaki

Ijumaa, saa mbili na robo asubuhi, Konokono aliingia studio ya picha akiwa na ripoti ya mwenzake kwapani na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuazimisha. Jina la Konokono alipewa kituoni, na hakuwahi kulikataa. Alikuwa mpelelezi wa miaka hamsini na miwili, aliyejifunza kompyuta peke yake kwa vitabu vilivyopoteza majalada. Aliamini kwamba mashine ni kama shahidi mzee: haisemi uongo, ila hujibu lile tu uliloliuliza.

Ripoti ilikuwa ya Msomi. Msomi alikuwa na shahada, kompyuta mpya na meza ya karibu na dirisha. Alifika studio Jumatano, akakaa saa moja na nusu, akaondoka na kurasa tatu zilizochapwa vizuri. Mkuu wa kituo alizisoma kwa sauti mbele ya watu, akasema hivi ndivyo kazi inavyofanywa. Konokono alizisoma mara tatu. Mara ya kwanza alitafuta kosa. Mara ya pili alijiuliza kama analitafuta kwa sababu lipo, au kwa sababu meza ya karibu na dirisha aliitamani yeye kwa miaka kumi na moja. Mara ya tatu alikutana na mstari mmoja, chini ya ukurasa wa pili, ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Una mpaka saa kumi jioni," mkuu alikuwa amemwambia kituoni. "Saa kumi jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na yule mwanamke anaingia ndani. Na Konokono..."

"Naam, mkuu."

"Leo tembea haraka kidogo."

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Mzee wa studio alikuwa amepiga picha za watu wa mji kwa miaka arobaini. Paa lilipovuja, negativu zake zikaanza kuoza. Mke wa mwanawe akaziwahi. Kwa miaka miwili alizipitisha moja moja kwenye skana, akaokoa picha elfu nane na mia sita, akaziweka kwenye kompyuta ya studio ndani ya folda moja iliyoitwa Kumbukumbu. Diski ya akiba ilikuwa imeungua mwezi uliopita na nyingine haijaletwa. Kisha Jumanne, saa saba na dakika tano mchana, folda ile ikafutika yote. Mafundi walijaribu kuzifufua picha, wakaambulia vipande visivyoungana. Na kesho, Jumamosi, ndiyo siku ya kufungua maonyesho ya mzee.

Aliyeandika amri ya kufuta alikuwa mkwe mwenyewe, kwa mkono wake, mchana kweupe, baba mkwe na wifi yake wakiwa chumbani. Hakukana kuiandika. Alikana kukusudia.

Sababu Msomi aliiandika kwa neno moja, akalipigia mstari: wivu.

*

Mkwe alikuwa chumba cha nyuma, ameketi mbele ya kompyuta iliyozimwa. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, macho yamevimba.

"Umekula?" Konokono akauliza.

"Afande, chakula kitapita wapi?"

"Basi tutazungumza taratibu. Ripoti inasema siku bango la maonyesho lilipoletwa, ulisema, 'Ipo siku mtalitafuta jina langu.' Ulisema?"

"Nilisema."

"Ulimaanisha nini?"

"Nilimaanisha nimekasirika. Picha elfu nane, afande. Nimeondoa ukungu kwenye nyuso za watu nisiowajua. Kuna maiti nimewarudishia pua! Bango likaja, jina la baba juu, kubwa kama mlango, chini kwa herufi za sisimizi: 'kwa msaada wa familia'. Mimi ndiyo hiyo familia. Niliona wivu, ndiyo, andika. Lakini hata mwenye wivu hachomi nyumba anayolala yeye mwenyewe."

Konokono akaandika. "Mumeo anasemaje?"

Hapo mkwe akainamia mikono yake. "Yuko safari ya kikazi. Jana alipiga simu. Kasema atafuata ripoti ya polisi. Ikisema ni mimi, asinikute nyumbani kwake." Akafuta pua kwa kiganja. "Miaka minane ya ndoa, afande, inangoja karatasi yako."

"Basi washa mashine. Nionyeshe unavyofagia."

Mkwe akawasha. Kazi yake alikuwa akiifanya kwenye dirisha jeusi lisilo na picha wala rangi, ambamo mtu huandika amri na mashine ikatii. Alimweleza Konokono utaratibu wake, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyomrudia. Kila folda ya kazi ilikuwa na mwenzake wa takataka: Harusi na Harusi_mbovu, Pasipoti na Pasipoti_mbovu, Kumbukumbu na Kumbukumbu_mbovu. Picha iliyotoka vibaya ilitupwa kwenye folda ya mbovu. Kila siku baada ya chakula aliandika neno moja tu, fagia, na programu aliyoitunga mwenyewe ilitafuta kila folda yenye jina linaloishia na mbovu, ikafuta kila kilichomo.

"Jumanne uliandika neno hilo hilo?"

"Hilo hilo. Kama Jumatatu, kama mwaka jana."

Konokono akafungua ripoti ukurasa wa pili. Akaweka kidole kwenye ule mstari uliomkaa kooni, akausoma polepole: "'Folda ya takataka za Kumbukumbu ilikutwa haijaguswa, ina picha mbovu kumi na nne. Mtuhumiwa aliziacha kwa dharau.'" Akavua miwani. "Mtu kashika ufagio. Dhahabu kaifagia yote. Takataka kaziacha. Wewe uliyetunga ufagio, niambie: inawezekanaje?"

Mkwe akakigeukia kioo. Tangu Jumanne kila mtu alikuwa amemuuliza habari za picha zilizopotea. Hakuna aliyemuuliza habari za zilizobaki.

"Hebu nipangie majina yote yaliyomo humu," Konokono akasema. "Folda zote. Nataka kuyanakili kwa mkono."

"Ziko sitini na kitu, afande. Naweza kukuchapia."

"Mkono wangu huona kuliko macho."

Ilimchukua dakika ishirini. Aliandika kila jina kwenye daftari lake kama lilivyoonekana, herufi kwa herufi, mpaka kalamu ikasimama. Akalisogelea kioo.

"Majina yako yote yana kistari cha chini kati ya neno na neno. Harusi, kistari, mbovu. Pasipoti, kistari, mbovu. Hili la Kumbukumbu mbovu halina kistari. Lina nafasi tupu."

Mkwe akainua uso. Alisoma mara moja, akasoma tena, kisha akaziba mdomo kwa mkono.

"Hii siyo yangu. Mimi siachi nafasi, afande. Mimi hata orodha ya sokoni naitia vistari, mume wangu hunicheka!"

"Nafasi inafanya nini?"

"Inaua," akasema kwa sauti ndogo. "Programu yangu ikikuta nafasi, inadhani jina limekwisha. Ni kama ukiita mtu kwa majina yake mawili, wakaitika watu wawili. Haikuona folda moja iitwayo Kumbukumbu mbovu. Iliona mbili: moja inaitwa Kumbukumbu, nyingine inaitwa mbovu. Kumbukumbu ipo, ikaifuta. Mbovu haipo..."

Alikwisha kufungua faili ambamo programu huandika malalamiko yake. Jumanne, saa saba na dakika tano, kulikuwa na mstari mmoja: *mbovu: hakuna kitu cha jina hili.*

"Siku ambayo kila kitu kimepotea," Konokono akasema, "mashine ililalamika kwamba kuna kimoja haikukiona cha kupoteza. Ugonjwa huu wa ufagio wako, uliujua?"

Lilikuwa swali ambalo mtu mwerevu angelikwepa. Mkwe hakulikwepa. "Niliujua. Tangu wiki tatu zilizopita. Wifi alitengeneza folda kwa kipanya, akaiita Pasi mbovu, akaacha nafasi. Ufagio ukakataa kuifuta, ukalalamika mara mbili, Pasi hakuna, mbovu hakuna. Wifi akachukia, akasema hata mashine inambagua. Nikamchorea nyuma ya bahasha, hivi na hivi, ukiacha nafasi inaona vitu viwili. Nikasema nitairekebisha kesho. Dawa yake ni alama mbili tu za kunukuu, moja mbele ya jina na moja nyuma, jina lishikamane." Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Kesho ikawa wiki tatu."

Konokono akaandika yote, pamoja na kicheko. "Jina likibadilishwa, mashine inaandika ni lini?"

"Haiandiki. Lakini Jumatatu saa saba ilifagia vizuri. Basi ni kati ya Jumatatu mchana na Jumanne mchana."

"Nani aligusa kompyuta hii kati ya hapo?"

"Mimi. Baba hukaa hapa jioni, anapenda joto lake. Na wifi yuko mbele kila siku, lakini anaapa kompyuta haijui."

Konokono akarudi kwenye daftari lake. "Swali la mwisho kwa sasa. Hapa nyumbani kwa mashine, nje ya folda za kazi, kuna folda tupu inaitwa 'cha'. 'Cha' nini?"

Mkwe akakunja uso. "Siijui. Na hii nyingine hapa juu, 'Baba', nayo sijaitengeneza mimi. Labda wifi kamwekea nyimbo zake."

"Ya mzee tutaomba ruhusa kwa mzee," Konokono akasema, kwa sababu alilelewa hivyo. "Hii tupu niambie ilizaliwa lini."

Mkwe akabonyeza. Jumanne, saa nne na nusu asubuhi.

"Saa nne na nusu ulikuwa wapi?"

"Hospitali ya macho na baba. Tuliondoka saa tatu, tukarudi saa sita na nusu. Kadi yake imegongwa muhuri."

*

Mzee alikuwa chumba cha giza, ingawa hakikuwa na kazi tena. Aliketi kwenye stuli kati ya mabeseni makavu, fimbo mapajani. Macho yake yalikuwa na ukungu kama kioo cha bafuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe si yule wa juzi. Yule alitembea kama ana basi la kuwahi."

Konokono akatabasamu gizani. "Mzee, Jumatatu jioni ulikaa kwenye kompyuta?"

"Nilikaa karibu nayo. Unataka kujua kama nilifuta picha zangu?" Mzee akageuza uso kuelekea sauti. "Nitakuambia ambalo yule wa juzi hakuuliza. Namwonea wivu mke wa mwanangu. Picha zangu anaziona yeye, mimi sizioni. Ananisimulia, 'Baba, hapa kuna mwanamke kashika mwavuli,' na mimi nilikuwepo, mwavuli nilimshikisha mimi! Siku nyingine natamani zife tujue moja. Lakini kipanya chenyewe sijui kiko mkono gani. Na Jumanne zilikuwa zichapwe sitini za maonyesho, nilizichagua mwenyewe kwa kukumbuka. Mtu hafi mlangoni pa harusi yake."

"Ufunguo wa chumba hiki anao nani?"

"Mkwe. Nilimpa mwaka jana."

"Kabla yake?"

Mzee akaigeuza fimbo mapajani. "Binti yangu. Ameosha filamu humu tangu ana miaka tisa, anasimama juu ya kiti. Lakini filamu zimekwisha, mwanangu. Nilimpa ufunguo mwenye kazi."

"Binti alisemaje?"

"Hakusema kitu." Fimbo ikagonga sakafu mara moja. "Huyo tangu utoto akilia hakuna neno. Akinyamaza, kaa chonjo."

*

Binti wa mzee alikuwa mbele, kaunta, akikata picha za pasipoti kwa mkasi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tano, kajipamba vizuri, na mkasi wake haukukosea hata unywele. Aliwahi kuolewa, akarudi. Studio ndiyo iliyobaki kuwa mume wake.

"Afande, bado mnauliza? Yule kijana wenu msomi alimaliza siku moja."

"Mimi mzito wa kuelewa, dada yangu. Nisaidie. Kompyuta unaitumia?"

"Hata kuiwasha siijui. Hiyo ni ya malkia." Akaelekeza mkasi chumba cha nyuma. "Kaja hapa hajui beseni la dawa na beseni la kufulia. Leo baba hanywi maji mpaka yeye aonje. 'Mkwe wangu kasema, mkwe wangu kaona.' Mimi nimeunguza vidole kwa dawa miaka thelathini, tazama," akanyoosha vidole vyenye madoa ya kahawia, "na bango halikuandika hata kidole kimoja."

"Naye anasema bango halikumwandika."

"Ana mume, ana ufunguo, anataka na bango? Mwambie aache pengine na sisi wengine tukanyage."

"Anasema wiki tatu zilizopita ulitengeneza folda ya Pasi mbovu, akakuchorea nyuma ya bahasha."

Mkasi ukasimama kidogo, ukaendelea. "Anatunga. Mke wa kaka akibanwa hutunga hata nasaba."

Konokono hakubishana. Alitazama rafu iliyokuwa nyuma ya kaunta. Bahasha za wateja zilipangwa kwa mwezi, kila moja na mwandiko uleule mzuri wa binti. Akaomba ruhusa, akazigeuza moja moja. Ya kumi na tisa ilikuwa na mchoro wa kalamu ya bluu: visanduku viwili, na kati yake mshale ulioandikwa *nafasi = vitu viwili!*

Akaiweka juu ya kaunta.

"Bahasha si kosa," binti akasema. "Kuchorewa si kufuta. Aliyefuta ni nani? Nani alibonyeza? Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni na sahani ya chakula, nikamwona kwa macho yangu."

"Kweli," Konokono akakubali. "Aliyebonyeza ni yeye."

"Basi." Akafuta mkasi kwa kitambaa. "Ngoja saa nane, afande. Nataka baba aje akae hapa, na yeye awepo. Nina la kusema. Machozi ya baba nitayafuta mimi, mtoto niliyezaliwa, si mtoto aliyeolewa."

Konokono akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro. Mtu mwingine angeingia kwa nguvu. Yeye akaomba kiti.

*

Saa nane walikuwa wote chumba cha nyuma. Mzee kwenye kiti cha mikono, mkwe ukutani, Konokono mlangoni. Binti akaja na mkoba wake, akatoa kitambaa cheupe, akakikunjua kama mtu anayefunua mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na diski ndogo nyeusi.

"Baba," akasema, na sauti ilimtetemeka kwa furaha, "usilie tena. Picha zako ninazo. Zote. Mimi mwanao nilizinakili. Huyu kazifuta, mimi nimezihifadhi. Kesho utafungua maonyesho yako."

Mzee akainuka nusu, midomo ikicheza. Mkwe akafumba macho, machozi yakamtoka. "Wifi, Mungu akulipe," akasema, na alimaanisha.

Binti hakumtazama. Alichomeka diski bila kuuliza wapi, akashika kipanya, akabonyeza mara mbili, harakaharaka. Kwa mtu asiyejua hata kuwasha, mkono ulikuwa mwepesi.

Dirisha likafunguka, jeupe, tupu.

Akafunga, akafungua. Tupu. Akachomoa, akachomeka. Tupu.

"Haiwezekani," akasema. "Zilikuwemo. Nilibonyeza Nakili, ile programu ya kwenye kioo, ikauliza kutoka wapi, nikaiambia, ikauliza kwenda wapi, nikaiambia. Nikangoja mpaka lile dirisha jeusi likajifunga lenyewe. Karibu robo saa nzima! Saa nne na nusu nilianza, nakumbuka, mteja wa pasipoti alikuwa ananingoja!"

Alikuwa amesema saa kabla ya kuulizwa.

"Saa nne na nusu ya Jumanne," Konokono akasema kwa upole. "Zaidi ya saa mbili na nusu kabla hazijafutwa. Dada yangu, mtu akinunua jeneza kabla mgonjwa hajaugua, majirani huulizana. Na siku tatu hizi wifi yako anangoja kufungwa, baba yako hali chakula, hili la faraja ulikuwa unaliweka akiba?"

Binti alikuwa bado anakitazama kioo kile kitupu, na sasa woga wake haukuwa wa polisi. "Baba," akasema, "naapa nilizinakili kwanza. Nisingeweza... Nisingezigusa kama sijanakili. Picha zako! Nilitaka tu ujue nani anakutunzia."

Mzee alikaa taratibu, kama mtu anayeshushwa na kamba. "Kwa hiyo hazipo tena," akasema. "Kweli sasa hazipo."

Konokono hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameinamia kioo, kwenye kona, pale mashine ilipoandika jina la diski iliyochomekwa. Akavaa miwani.

"Diski hii inaitwa Kipenzi cha Baba."

"Baba alininunulia," binti akanong'ona. "Miaka mitatu sasa. Kabla ya... Jina nililiandika mwenyewe."

Konokono akafungua daftari lake, akarudi kwenye majina aliyoyanakili kwa mkono asubuhi. Kidole kikashuka ukurasa: Baba, cha, Kipenzi, yote matatu yalikuwemo. Akamgeukia mkwe. "Programu ya Nakili uliitunga wewe?"

"Mimi. Siku moja na ya kufagia."

"Ina alama za kunukuu?"

Mkwe akatikisa kichwa. "Haina."

"Ikiambiwa peleka kwenye Kipenzi cha Baba, inaona vitu vingapi?"

"Vitatu," mkwe akasema, na tayari alikuwa anasogea. "Kipenzi. Cha. Baba. Na mahali pasipokuwepo inapatengeneza kwanza, nilitaka isikwame. Halafu kila kitu inakitia kwenye cha mwisho. Mungu wangu! Kwenye cha mwisho! Wifi, nipishe!"

Binti akampisha.

"Mzee," Konokono akasema, "humu kuna folda inaitwa Baba. Tangu asubuhi sijaifungua kwa kukuheshimu. Unaturuhusu?"

"Fungueni," mzee akasema. "Mimi sina folda."

Ndani ya Baba mlikuwa na Kumbukumbu. Ndani ya Kumbukumbu mlikuwa na picha elfu nane na mia sita. Mkwe alisoma hesabu kwa sauti, sauti ikakatika katikati, akaisoma tena. Kisha, kuhakikisha kwamba zimo kweli, akafungua moja, ambayo namba yake aliijua kwa kichwa.

"Nisimulie," mzee akasema.

"Ni msichana, baba. Ana miaka tisa hivi. Kasimama juu ya kiti ili afikie beseni. Kashika filamu mbichi kwa ncha za vidole, haitazami filamu, anakutazama wewe. Anacheka."

"Huyo simhitajii macho," mzee akasema.

*

Saa tisa na dakika kumi Konokono alimpigia simu mkuu wa kituo. Alimweleza kwa mpangilio, bila kuruka, mpaka mkuu akaguna.

"Msomi alikosea wapi basi?"

Konokono angeweza kuyasema mengi, na meza ya karibu na dirisha ilimpitia mbele ya macho ikiwa na jua lake. "Hakukosea sana, mkuu. Aliandika wivu, na kweli ni wivu. Aliupeleka tu nyumba ya pili. Na ule mstari wa takataka aliuandika yeye. Asingeuandika, mimi nisingeuona."

Alipokata simu, binti wa mzee alikuwa ameketi kaunta, mikono mitupu juu ya kioo. Konokono akaweka mbele yake karatasi safi, akatoa mfukoni kalamu ya pili.

"Andika mwenyewe, kwa maneno yako. Taratibu. Mimi sina haraka."

Binti akaishika kalamu. Hakuandika. "Afande, ile picha. Ataiweka kesho?"

"Hilo si langu. Waulize wenyewe."

Mkwe alisikia kutoka chumba cha nyuma, maana mlango ulikuwa wazi na mashine ya kuchapa ilikuwa imeanza kuunguruma. Alijibu bila kutoka.

"Ndiyo ya kwanza mlangoni, wifi. Imo kwenye orodha tangu mwezi uliopita. Baba aliichagua kabla ya zote."

Binti aliinamisha kichwa juu ya karatasi. Kisha akaanza kuandika, kwa ule mwandiko wake mzuri wa kwenye bahasha. Kule nyuma kibodi ikasikika kidogo tu, ikanyamaza. Alama za kunukuu za kutia zilikuwa mbili tu kwa kila jina.